KIDONDA KISICHOTOKA DAMU



Katika mkutano wa tawi letu la Kisumu mwezi uliopita, Katibu alisoma barua kutoka kwa vijana wanaofanya kazi za kompyuta hapa mjini. Waliomba mambo mawili tu. La kwanza, wapewe ukumbi wetu Jumapili moja kila mwezi wapate mahali pa kukutana. La pili, tawi litoe kauli ya kuwaunga mkono wenzao wa Nairobi waliokwenda mahakamani kwa sababu ya ugonjwa walioupata kazini.

Ndugu mmoja akasimama akasema: "Hawa wanakaa kitini, kivulini, penye feni. Hawanyeshewi na mvua, hawabebi chuma. Ni ugonjwa gani huo wa kuumwa na kioo?" Ukumbi mzima ukacheka. Jambo likaahirishwa mpaka mkutano ujao.

Na mimi nilikuwapo, na mimi nilicheka. Nilipofika nyumbani niliona haya, na sababu ya haya yangu nitaieleza hapa chini. Naandika leo ili jambo hili litakaporudi mbele yetu tusilipigie kura kwa kicheko.

KAZI YENYEWE NI IPI?

Kwanza tuijue kazi, maana mtu hawezi kuhukumu kazi asiyoijua.

Watu wakitia picha na sinema katika Facebook, wengi hutia harusi na watoto wao. Lakini wako wanaotia mauaji, watu wakichinjwa, wanawake wakinajisiwa, watoto wakitendewa yasiyosemeka, na watu wanaojiua mbele ya kamera. Iko mitambo ya kuzuia mambo hayo, lakini mitambo peke yake haitoshi. Lazima binadamu akae atazame, aseme: hii iondolewe, hii ibaki. Ndiyo sababu wewe ukifungua simu yako huyaoni hayo. Yuko mtu aliyeyaona kwa niaba yako.

Tangu mwaka 2019 kazi hiyo, kwa lugha kadha wa kadha za Afrika, ilifanywa Nairobi. Kampuni iliyowaajiri ni Sama, na kazi ilikuwa ya Meta, mwenye Facebook. Waliajiriwa Wakenya na watu waliotoka nchi nyingine za Afrika, kwa kuwa walijua lugha za kwao. Walikaa mbele ya kioo saa 8 mpaka 10 kwa siku. Gazeti la TIME la Marekani liliandika mwezi wa Februari 2022 kwamba wako waliokuwa wakibaki na kiasi cha dola moja na nusu tu kwa saa.

Sasa mfikirie Mwethiopia aliyekaa Nairobi wakati wa vita vya kwao, 2020 hadi 2022. Mezani pake zinamfikia picha za maiti kutoka nchi yake. Kila picha anaifungua akiogopa kuona uso anaoujua. Halafu inakuja nyingine. Je, huyo amekaa kivulini?

DAKTARI ALISEMA NINI?

Mwezi wa Desemba 2024 mahakama ya Nairobi ilipewa taarifa ya Daktari Ian Kanyanya, mkuu wa huduma za magonjwa ya akili katika Hospitali Kuu ya Kenyatta. Watu 144 waliokuwa wamefanya kazi hiyo walikubali kupimwa. Wote 144 walikutwa na ugonjwa wa kiwewe, yaani ule ugonjwa wa mtu ambaye jambo la kutisha limekwisha nje lakini halijaisha ndani yake. Katika kila 100, watu 81 walikuwa nao kwa ukali au kwa ukali kupita kiasi. Wengi wao walikuwa wameacha kazi mwaka mzima au zaidi kabla ya kupimwa. Wapo walioingia katika pombe na madawa ya kulevya. Wapo ambao ndoa zao zilivunjika.

Ndugu zangu, karakana moja ikitoa watu 144 na wote wamevunjika mkono, je, tungeuliza kama walikuwa wamekaa kitini? Tungesema mara moja: mashine ile ni mbovu, ifungwe, na mwenye mashine alipe!

KIDONDA NILICHOKIFICHA

Sasa nieleze haya yangu.

Miaka kadhaa iliyopita, kabla sijawa kwa mwajiri wa leo, nilikuwa msaidizi wa dereva wa treni kwa mwajiri mwingine. Sitamtaja, wala sitataja mahali. Alfajiri moja mtu alikuwa amesimama katikati ya reli. Dereva alipiga honi, akakaza breki. Ninyi nyote mwajua, treni haina usukani wa kukwepa, na ikiwa na mzigo haisimami kwa hatua mia. Ilipokwisha simama, dereva alishindwa kushuka. Nikashuka mimi na taa. Niliyoyaona sitayaandika.

Mchana tulijaza fomu. Palikuwa na mstari: "Uharibifu wa injini." Nikaandika: hakuna. Palikuwa na mstari: "Wafanya kazi walioumia." Nikaandika: hakuna. Nikatia sahihi. Kesho yake saa kumi na moja alfajiri nilikuwa kazini, njia ile ile.

Kwa muda wa mwaka mmoja sikuweza kula nyama. Mke wangu aliamka usiku akanikuta nimekaa jikoni gizani, akaniuliza ni nini, nikasema ni joto. Yule dereva, mtu mzima aliyenifundisha kazi, ambaye sikupata kumwona akionja pombe, alianza kunywa. Baada ya miezi minane alifukuzwa kwa kosa la ulevi kazini. Katika faili lake limeandikwa neno ulevi. Ile alfajiri haikuandikwa popote, kwa maana fomu ilisema walioumia: hakuna. Na sahihi iliyo chini ya fomu ile ni yangu.

Hii ndiyo sababu niliona haya baada ya kucheka. Tulipowacheka vijana wale, nilikuwa naijaza fomu ile mara ya pili.

RELI NDIYO ILIYOANZA

Wengi hawajui kwamba ugonjwa huu una historia ndani ya reli. Treni zilipoanza kugongana kule Uingereza, walionekana watu waliotoka katika ajali bila hata mkwaruzo, kisha baada ya siku chache hawalali, wanatetemeka, hawawezi kazi. Mwaka 1866 daktari mpasuaji wa London, John Eric Erichsen, alitoa kitabu juu ya wagonjwa hao. Ugonjwa ukaitwa uti wa mgongo wa reli, maana walidhani uti wa mgongo umetikiswa. Makampuni ya reli yalipodaiwa fidia yalileta madaktari wa kusema kwamba watu hao wanajisingizia, wanataka fedha. Ubishi huo uliendelea vizazi na vizazi. Madaktari wa Marekani waliuandika ugonjwa wa kiwewe katika orodha yao rasmi mwaka 1980. Hesabuni wenyewe: zaidi ya miaka 100!

Na sisi hapa? Reli ilifika Kisumu, ikiitwa Port Florence wakati ule, mwezi wa Desemba 1901. Vitabu vyasema kwamba kati ya Wahindi karibu 32,000 walioletwa kwa mkataba kuijenga, karibu 2,500 walikufa, na zaidi ya 6,000 walirudishwa kwao wagonjwa au vilema. Waliohesabiwa ni wafu na vilema. Usingizi uliopotea hakuna aliyeuhesabu.

Tena wakumbukeni mafundi wa boila wa zamani. Kugonga misumari ya chuma ndani ya boila mwaka hata mwaka kulitia watu uziwi, na uziwi nao hautoki damu. Mzee akitoka karakana hasikii mjukuu wake anasema nini, wakubwa husema: ni uzee tu. Kila ugonjwa wa kazi usioonekana kwa macho umeanza kwa kuitwa uzee, au uvivu, au ulevi, au uchawi. Sisi tuliosoma shule za misheni twamjua Tomaso, aliyekataa kuamini mpaka atie kidole chake kidondani. Waajiri wote ni Tomaso siku ya kulipa fidia. Haifai chama cha wafanya kazi nacho kiwe Tomaso.

"WALITIA SAHIHI WENYEWE"

Iko hoja nyingine niliyoisikia nje ya ukumbi. Ati vijana wale walitia sahihi wenyewe, na wangeweza kuacha kazi.

Nasi tulitia sahihi. Wale Wahindi wa 1901 nao walikuwa na mkataba. Tangu lini sahihi ya mtu mwenye njaa ikawa ruhusa ya kumwumiza? Zaidi ya hayo, vijana hao walitiishwa karatasi ya siri, wasiseme nje wanayoyaona ndani. Mtu wa reli akikatwa kidole huenda nyumbani akamwonyesha mkewe kitambaa. Kijana huyu anakwenda nyumbani na kichwa kilichojaa maiti, na karatasi inamwambia nyamaza. Tena wageni kutoka nchi nyingine walikuwa hapa kwa kibali cha kazi. Ukiacha kazi, unaacha na kibali. Huo ndio uhuru wao wa kuacha.

Mmoja alijaribu njia yetu, njia ya chama. Daniel Motaung, kijana wa Afrika Kusini, alianza mwaka 2019 kuwakusanya wenzake wadai hali bora. Akafukuzwa. Mwezi wa Mei 2022 akawashtaki Sama na Meta mahakamani Nairobi. Na tarehe 1 Mei 2023, Sikukuu yetu ya Wafanya Kazi, zaidi ya watu 150 wa kazi hizo walikutana Nairobi wakapiga kura kuunda chama chao. Ndugu, siku ile huenda sisi tulikuwa tunaandamana na kusikiliza hotuba. Wao walikuwa wanafanya jambo ambalo sikukuu ile iliwekwa kwa ajili yake.

"MWAJIRI SI MIMI"

Meta ilipopelekwa mahakamani ilisema haihusiki na mahakama za Kenya, na kwamba wafanya kazi ni wa Sama. Je, wimbo huu ni mgeni masikioni mwetu? Nani kati yetu hajui habari ya kontrakta? Mfagiaji wa stesheni si wa reli, ni wa kontrakta. Askari wa lango si wa reli, ni wa kontrakta. Mkata majani kando ya njia akiumwa na nyoka, huyu husema nenda kwa yule, na yule husema rudi kwa huyu, mpaka mguu umevimba.

Safari hii mahakama haikukubali. Mwezi wa Februari 2023 Mahakama ya Kazi ilisema Meta yaweza kushtakiwa hapa. Meta ikakata rufani, na mwezi wa Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ikasema vile vile. Kumbukeni, huo ulikuwa ubishi wa mlango tu, kama kesi isikilizwe au isisikilizwe. Hata hivyo watu wenye mshahara mdogo kuuvunja mlango wa kampuni kubwa namna ile si jambo dogo.

Na tutazame upande wa pili wa bahari. Kule Marekani, mwaka 2020, Facebook ilikubali kutoa dola milioni 52 kumaliza kesi ya watu waliofanya kazi hii hii na kuugua ugonjwa huu huu. Basi ugonjwa unajulikana! Kampuni haiwezi kusema haijapata kuusikia. Kwa nini Mmarekani apate fidia na wa Nairobi aambiwe hana mahakama? Au ubongo wa huko ni ubongo, na wetu ni uji?

Kampuni zimejibu kwamba wafanya kazi waliwekewa washauri wa kuzungumza nao, na Meta imesema hudai jambo hilo katika mikataba yake. Wafanya kazi wenyewe walisema haukuwa msaada wa kutosha. Mimi nasema hivi: mtu anayetiwa sumu kila asubuhi hatibiwi kwa kupewa mtu wa kumpa pole jioni. Punguza sumu kwanza.

HATA HAPA KISUMU

Msidhani mambo haya ni ya Nairobi tu. Mtambo huu mpya unaosema na watu, ChatGPT, ulipokuwa ukitengenezwa, Wakenya walisoma maandishi machafu ya ukatili na kuyawekea alama ili mtambo ujifunze kuyakataa. TIME iliandika Januari 2023 kwamba walilipwa chini ya dola mbili kwa saa, na hali mkataba ulihesabu dola 12 na nusu kwa saa kwa kampuni iliyowaajiri. Msingi wa nyumba hiyo kubwa ya akili mnemba umechimbwa na vijana wetu.

Hapa Nyalenda, Manyatta na Kondele wako wengi wanaofanya kazi ndogo ndogo za namna hiyo chumbani, usiku, wakati wenye kazi wa ng'ambo wameamka. Hawana meza ifaayo. Msichana jirani yangu huandika yanayosemwa katika kanda. Huanza saa tatu usiku, kitanda ndicho kiti, ndoo iliyopinduliwa ndiyo meza. Shingo imekakamaa. Vidole vitatu vya mkono wa kulia hufa ganzi. Macho yamkauka, kwa kuwa mtu akikazia kioo husahau kupepesa. Nilipomwuliza mwajiri wake ni nani, alinionyesha jina tu katika kioo. Akiugua, jina lile halitakuja kumtazama. Na likitaka kuondoka, huondoka. Mwezi wa Machi 2024 Remotasks, iliyokuwa na watu wengi wa Kenya, ilifunga mlango kwa nchi nzima. Watu waliamka wakakuta hawawezi kuingia kazini.

Na watoto wa nani hawa? Ni wetu! Mjengo wa reli hauwaajiri wote, ziwa halina samaki wa kuwatosha wote. Wengi katika ukumbi ule waliocheka wana mtoto nyumbani mwenye kompyuta mapajani.

SHERIA IKO UPANDE WETU

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, kifungu cha 76, yamtaka mwajiri aifanye kazi na vyombo vyake vimfae mfanya kazi, pamoja na kumkinga na mkazo wa akili. Si maneno yangu, ni sheria ya nchi. Shirika la Kazi la Dunia nalo liliyatia magonjwa ya akili, na kiwewe kikiwamo, katika orodha yake ya magonjwa ya kazi mwaka 2010. Silaha iko ghalani. Inangoja mtu wa kuishika.

Na tukiwacheka vijana hawa, tutaishika upande wa makali. Siku dereva wetu atakapodai fidia kwa sababu ya alfajiri kama ile yangu, wakili wa mwajiri atasimama aseme: "Hata wenzake wa reli walisema ugonjwa usioonekana si ugonjwa." Mwenzako akinyolewa, wewe zako tia maji.

TUNAYOYATAKA

Kwa hiyo nitaleta hoja hizi mbele ya mkutano ujao, na namwomba kila mwanachama aje:

1. Vijana wa kompyuta wapewe ukumbi, bila malipo, mpaka wapate chama chao kilichosimama.

2. Tawi litoe kauli ya wazi kuwaunga mkono walioshtaki Nairobi, na kauli hiyo ipelekwe makao makuu ya chama chetu.

3. Tudai kila kampuni inayowatazamisha watu mambo ya kutisha iweke kikomo cha saa, zamu za kubadilishana na kazi nyingine, na daktari asiyepeleka habari za mgonjwa kwa meneja.

4. Tudai mwenye kazi asijifiche nyuma ya kontrakta, kwenye kompyuta wala kwenye reli.

5. Karatasi ya siri isimzuie mtu kumwambia daktari, mke au mume, na chama chake, kazi inamfanya nini.

6. Na kwetu sisi wenyewe: fomu ya ajali iwe na mstari mpya, "Walioshuhudia." Kila aliyekuwa ndani ya injini siku ya kifo apumzishwe kwa mshahara kamili na apelekwe kwa daktari, kabla hajapanda tena.

Ndugu yangu uliyesema maneno yale mkutanoni, sina ugomvi nawe. Ulisema kwa sauti, nami nilicheka kwa sauti, kosa letu ni moja. Lakini wewe ni dereva wa siku nyingi kuliko mimi. Usiku, taa ya injini inapomulika kitu cheupe mbele relini, nacho ni mfuko wa nailoni tu, moyo wako haurukiruki? Basi ugonjwa wa kuumwa na kioo unaujua. Kioo chako ni kile cha mbele ya injini.

Yule dereva aliyenifundisha kazi sijui leo analala wapi. Singeweza kumrudishia kazi yake. Lakini mara hii nikiulizwa walioumia ni wangapi, sitaandika hakuna.

Umoja wetu ndio nguvu yetu.

Mimi mwenzenu,
MFANYA KAZI WA RELI,
Tawi la Kisumu.